Mto Alioulalia Shangazi

Jumapili, Novemba. Joto limelegea. Leo nimefungua dirisha kwa mara ya kwanza tangu Aprili, AC imepumzika, na kelele za barabara zinaingia ndani. Nina furaha mpaka vidole vinapishana. Ukiona herufi zimeruka humu, sababu ni hiyo.

Shajara, leo tumepata kitu. Naandika upesi kabla sijaanza kujiuliza kama niandike.

Kwanza niseme kwamba majina yote humu bloguni nimeyabadilisha, na mengine nimeyachanganya makusudi. Wanaonijua mji huu wananijua kama dada wa Morogoro, mhudumu wa mkahawa hapa Dubai, huku Jumeirah Lake Towers, anayechora jani juu ya kahawa za watu. Wachache wanajua kwamba nampenda Nakato, mlinzi wa kike wa jengo la pili kutoka mkahawani, Mganda mwenye Kiswahili cha kuamrisha hata anapoomba chumvi. Wachache hao hao ndio wananiita Bi Makumbusho.

Jina hilo nimelipata kwa sababu ya mfuko wa vitambaa.

Sisi hapa ni watu wa kufuta. Nikisema sisi nina maana ya wanaume wanaopenda wanaume, wanawake wanaopenda wanawake, na wale waliopewa majina ya kiume utotoni wakati ni dada zetu kabisa. Tukipigana picha kwenye sherehe tunaangalia, tunacheka, tunafuta. Ujumbe ukiingia tunasoma, tunafuta. Sheria ya hapa tunaijua, na nyumbani nako si kwamba kuna afadhali. Kufuta kumetulinda, silalamiki. Lakini mwaka jana alifariki dada yetu mmoja wa Jinja, yule ambaye akicheza jirani wa chini alikuwa anagonga dari kwa ufagio. Tulipokaa kumkumbuka hakuna aliyekuwa na picha yake. Hata moja. Tukaanza kubishana alikuwa mrefu au mfupi, watu waliokula naye sahani moja.

Ubishi ule uliniuma kuliko msiba wenyewe. Nikajiuliza, sisi wengine tukiondoka, nani ataamini kwamba tulikuwepo?

Ndipo nikaanza kukusanya. Sherehe zetu, hata iwe ya watu wanane kwenye chumba cha kupanga, lazima iwe na sare. Atakayekuja bila sare atasemwa mpaka mwaka uishe. Tabia hiyo tumetoka nayo nyumbani na hatuna mpango wa kuiacha. Basi nikawa naomba kipande cha upana wa kiganja kutoka kila sare, na mwenye kipande anarekodi kwenye simu ya Nakato: ilikuwa shughuli gani, tulikula nini, nani alinuniana na nani. Bila jina, bila sura. Sauti tunazituma kwa wenzetu wa mji mwingine, mbali na hapa, wanaohifadhi historia za watu kama sisi. Kisha tunazifuta kwenye simu. Vitambaa vinabaki chini ya kitanda changu. Akija mtu kupekua ataona matambara tu.

Shida ni kwamba mfuko wangu unaanzia juzi juzi tu, tangu mimi nije. Kabla ya hapo ni kimya. Na watu walikuwepo, haiwezekani tuwe wa kwanza kupendana kwenye mji huu. Mtu aliyewaona ni mmoja, Shangazi.

Shangazi ni mwanamume, Mzanzibari, fundi cherehani mwenye mvi na kofia safi kila siku. Kwenye karakana anayofanyia kazi Al Quoz wanamwita Fundi Haji. Anashona overoli za viwandani na mashati ya walinzi, na hata shati la kazi la Nakato limepita mkononi mwake. Kwa sisi ni Shangazi, na hakuna sare ya sherehe zetu ambayo hakuikata yeye. Alifika hapa kabla mimi sijaanza shule. Kesho anarudi Unguja moja kwa moja. Visa imefungwa, arbab, yaani tajiri wake, amemkatia tiketi, khalas.

Mwaka mzima nimemwomba azungumze, naye amenikatalia kwa upole ule ule. Anasema watu wana wazazi, watu wana watoto, yeye hakujaliwa mdomo wa kusema watu. Wiki iliyopita nilikuwa nimekata tamaa. Leo asubuhi tulikwenda kumuaga tu, na sambusa mkononi.

Karakana haifunguliwi Jumapili, lakini ufunguo anao yeye. Tulimkuta anaipaka mafuta cherehani yake ili atakayeirithi asisumbuke. Tukakaa, tukala, tukataniana. Nakato, ambaye hana subira ya kuzunguka, akamuuliza: vile vipande vidogo vinavyobaki akikata sare zetu, huwa anavitupa wapi?

Shangazi akacheka. Alisema hawezi kutupa vipande vya satini ya waridi kwenye pipa lililojaa overoli za buluu, wenzake wangeuliza sherehe ni ya nani. Alivitia kwenye mto wake wa kulalia, kama mafundi wa siku zote wanavyofanya. Tangu sare ya kwanza. Mto ukijaa anaushindilia, ukikataa anaupanua.

Nilishika meza. Nikamuuliza mto uko wapi.

Alikuwa ameugawa. Hili si kosa la mtu, ni desturi yetu wa huku. Anayerudi kwao moja kwa moja anaacha vitu vyake kwa wanaobaki: birika kwa huyu, blanketi kwa yule, na kitu cha kitandani anapewa mgeni mpya, naye apate kukaa salama mpaka zamu yake ya kurudi. Mto ulikwenda kwa Elisha, mtu wa Kigoma aliyefika majuzi, akilala kitanda cha juu yake. Ijumaa kampuni ilimhamishia Elisha kwenye ghala la Dubai Investments Park, akaondoka na begi lake na mto.

"Ni mto tu, mwanangu," Shangazi alisema.

Halafu akaweka chini kikopo cha mafuta. Nafikiri ni pale ndipo na yeye alipoelewa alichokigawa.

Tukatoka mbio. Duka la jirani nikanunua mto mpya, mnene, wa hali ya juu, ili tusiende kuomba mikono mitupu. Kwenye metro nimeukumbatia mto kama mgonjwa, Nakato pembeni amekaa wima na uso wake wa kazini, watu wanatupisha. Nilimwambia atabasamu kidogo, tunakwenda kuomba, hatuendi kukamata mtu. Alitabasamu, na ikawa vibaya zaidi.

Elisha ni mtu wa makamo, mlokole, mpole. Alituletea chai na akatukalisha kwenye ukumbi wa kulia wa makazi yao. Nikamweleza kwamba Fundi Haji anaukumbuka mto wake, na kwamba tumemletea mpya. Aliutazama ule mpya, akaubonyeza, akaturudishia.

"Dada yangu, hapana," alisema. "Mtu kakaa nchi hii maisha yake yote, hakufungwa, hakuumia, anarudi kwao kwa miguu yake. Kitu alichonipa mtu kama huyo nakitoaje?"

Ukweli sikuweza kuusema, na uongo wangu ulikuwa umeishia pale. Mbaya zaidi, Elisha akaendelea kusema kwamba mto wenyewe una mabonge, jana amefumua pembe moja akatoa konzi ya vitambaa akawapa watu wa ghalani wafutie grisi. Leo jioni alikuwa na mpango wa kutoa vyote na kutia sufi. Nilimwangalia Nakato, na Nakato tayari alikuwa anapiga simu.

Alimpigia Shangazi, akampa Elisha simu bila neno. Sisi tulisikia upande mmoja tu. Ndiyo mzee. Hapana mzee. Ndiyo. Kisha Elisha akasimama, akaenda chumbani, akarudi ameubeba mto kwa mikono miwili. Nilimuuliza mzee amesema nini. Alisema ameombwa msamaha, na ameahidiwa dua mpaka mkataba wake uishe. Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba mzee alikuwa analia.

Mto mpya akaubakiza. Nashukuru, maana asingeuchukua ningejisikia mwizi.

Saa nane tulikuwa Al Quoz tena, mlango wa karakana umefungwa kwa ndani, mto umewekwa katikati ya meza ya kukatia. Shangazi hakuturuhusu kuugusa. Alifumua mshono mwenyewe, taratibu, akainua foronya kwa pembe mbili, akaitikisa.

Shajara, sijui nikuelezeje. Satini, lesi, mahameli, vitenge, kanga, kitambaa kimoja cha kumetameta ambacho hata yeye alikitazama akaguna. Vilimwagika mpaka vikaanguka sakafuni. Nilipiga kelele, Nakato akaniziba mdomo, kisha akapiga kelele yeye.

"Watu sisemi," Shangazi alisema. Akavaa miwani. "Kitambaa nitasema mpaka mchoke."

Nakato akawasha simu kurekodi, na mtu aliyekataa kuzungumza mwaka mzima akazungumza mpaka alasiri ikapita.

Satini ya zambarau ilipelea. Wenye sherehe walinunua walichoweza, haikutosha, ikabidi mmoja wao awe na mikono ya kitambaa kingine, cheupe. Yule yule ndiye alikuwa anaolewa, kwa hiyo Shangazi alisema ilifaa. Hakusema anaolewa na nani. Alisema tu kwamba bwana harusi alikuwa na mabega mazuri na shati lake alilikata kwa furaha.

Kitenge chenye picha za feni kilikuwa cha vijana wa ujenzi. Hawakuruhusiwa kutoka kambini kuja kupimwa, wakatuma vipimo kwa simu, vile vile walivyopimwa kwao kabla ya safari. Shangazi akakata kama alivyoambiwa. Siku ya siku hakuna shati lililofunga kifungo, maana walikuwa wamebeba matofali tangu wafike na vifua vimepanuka. Walisherehekea vifua wazi, kundi zima. Alisema hakuwahi kushona kitu kibaya kikapendeza vile.

Lesi nyeupe alikaa nayo mkononi. Alisema lesi ile ni ngumu, inavunja sindano. Aliyeiagiza alikuja na sare ya udereva, akavaa gauni, akasimama juu ya kigoda ili apimwe pindo, na hakutaka kushuka. Shangazi akafunga mlango saa ya chakula, akamwacha ajitazame kwenye kioo. Muda ulipokwisha alilivua, akalikunja, akarudi kumwendesha madam wake. Gauni lilibaki karakanani limefichwa kati ya overoli, akawa anakuja kulivaa kila alipoweza.

Kisha akaokota kipande cha rangi ya chungwa, na mimi na Nakato tukakijua kwa pamoja. Ilikuwa sare ya dada yetu wa Jinja, ile ya kucheza. Nikamuuliza Shangazi, kwa kuwa yeye ndiye alimpima, alikuwa mrefu au mfupi.

"Mfupi," alisema. "Alikuwa na viatu."

Tulicheka mpaka machozi, kisha yakawa machozi kweli. Nakato aliweka simu chini akajifuta kwa mkono wa shati, yeye ambaye hajawahi kulia mbele yangu. Ubishi wetu wa mwaka mzima umekwisha kwa maneno manne. Mfupi, na viatu virefu. Sasa namwona tena anavyoingia mlangoni.

Tulikuwa tunakaribia mwisho ndipo kikatokea kipande ambacho si cha sherehe. Pamba ya kawaida ya shati la kiume, mistari ya buluu, imechujuka. Shangazi alivua miwani. Nakato akanyoosha mkono kuzima simu, kwa adabu tu, naye akamzuia.

Alisema ni shati la mtu waliyekaa naye chumba kimoja miaka mingi. Watu walidhani ni binamu, nao wakaacha wadhani. Mtu huyo alirudi kwao kwa matibabu, akafia huko. Taarifa ilifika asubuhi ya siku ya kazi. Shangazi akaenda kumwomba arbab ruhusa ya kwenda kuzika, arbab akauliza ni nani aliyekufa, na yeye akasema jirani. Kwa jirani hapewi mtu ruhusa. Akarudi kwenye cherehani, akamaliza oda ya siku ile. Usiku akakata mfuko wa shati lile, akautia kwenye mto.

Kisha akataja jina. Jina la mtu huyo, la baba yake, na kijiji chake.

Sheria ya kutotaja majina niliiweka mimi mwenyewe, na wote tumeifuata. Nikamkumbusha, nikamwambia tunaweza kukata kipande hicho cha sauti, wala asijali. Alinitazama bila hasira.

"Nimemficha maisha yangu yote," alisema. "Hana wa kumwogopa tena, na miye naondoka. Usinisaidie kumficha."

Akalirudia jina polepole, akiielekea simu, kama mtu anayetaka liandikwe sawasawa.

Jina hilo silisemi humu, blogu si mahali pake. Lakini lipo, Shajara. Limeshatumwa, wenzetu wamelipokea, watalifungia mpaka siku inayofaa. Leo kuna mahali duniani ambapo mtu yule si jirani.

Kile kipande cha mistari sikukichukua. Shangazi alikishonea ndani ya kofia atakayosafiria, kwa mkono, mishono midogo isiyoonekana, huku sisi tukipanga vingine kwenye mfuko. Ni rekodi yetu ya kwanza yenye sauti bila kitambaa. Alipomaliza akaivaa kofia, akajitazama kwenye kioo kile kile alichojitazamia dereva, akasema imekaa vizuri. Foronya tupu akanipa mimi. Akaniambia niijaze tena, na nisije nikampa mtu wa Kigoma.

Tuliagana mlangoni kama mtu anavyoagana na fundi wake, kwa mkono, maana nje kulikuwa na watu. Nilitamani kumkumbatia. Nilimshika mkono muda mrefu kuliko kawaida, naye akauacha.

Sasa niko nyumbani, jua bado halijazama vizuri. Mfuko hautoshi chini ya kitanda tena. Nakato anapiga pasi shati lake la zamu ya kesho, akiimba wimbo wa kwao kwa sauti mbaya. Nimekaa na foronya ya Shangazi mapajani, nimeitazama kitambo, na nikagundua kwamba kwenye mfuko wangu wote hamna kitu changu. Nimekusanya vya kila mtu. Nakato wangu hayumo hata kwa uzi mmoja.

Nimechukua mkasi. Ile aproni ya zamani niliyovaa siku aliponunua kahawa, akairudisha akisema ni baridi, akairudisha tena akisema ni moto, mpaka nikaelewa kwamba shida yake haikuwa kahawa, nimeikata kipande cha upana wa kiganja. Nikaichukua simu. Nikasema ilikuwa siku gani, nikasema habari ya kahawa. Kisha nikataja jina lake, lile halisi, la ukoo na yote, bila kushusha sauti.

Pasi ikasimama.

"Umesema jina yangu," alisema Nakato.

Nikasema ndiyo, nimesema, na kama hataki nitafuta sasa hivi. Pasi akaiacha pale pale juu ya kola. Moshi ulianza kutoka kwenye shati.

"La ukoo umelivunja," alisema. "Sema tena."

Nimelisema tena. Ananisahihisha, nasema tena. Shati limeungua kola na aliyelishona anaondoka kesho, sijui atavaa nini kazini. Shangazi ana ndege, mimi nina zamu ya asubuhi, na jina linaanza kunyooka mdomoni.